Nani Mwenye Ndege? Ununuzi wa Ndege za Kivita na Uhuru wa Mataifa Machanga

Katika vitabu vingi vya historia ndege za kivita hutajwa zikiwa tayari angani. Msomaji huelezwa jinsi zilivyopiga na jinsi zilivyopigwa, na idadi ya zile zilizoanguka. Ni nadra kuelezwa zilikotoka, nani alizilipia, na kwa masharti gani. Hilo ni pungufu kubwa, hasa kwetu sisi watu wa mataifa yaliyojipatia uhuru baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ndege zetu hazikuzaliwa katika karakana zetu. Zilikuja melini ndani ya makasha, au zilirushwa na marubani wageni, zikifuatana na mafundi, vitabu vya maelezo, hati za madai, na mara nyingi mkataba ambao mwananchi wa kawaida hakupata kuuona. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia hiyo. Tutaanzia nyumbani Tanzania, kisha tutawatazama majirani zetu, na mwishowe tutavuka bahari hadi Misri na India, ambako baadhi ya watu walijaribu kutafuta njia nyingine. Swali letu ni moja tu: taifa likiisha kununua ndege, je, ndege ile ni yake?

Huenda swali hilo likaonekana la ajabu. Mkulima akinunua jembe, jembe ni lake, na mpini ukivunjika atakwenda porini kukata mwingine. Lakini ndege ya jeti si jembe. Umri wa injini yake hupimwa kwa saa za kuruka. Injini za mwanzo za ndege aina ya MiG-21, mathalani, zilipaswa kufunguliwa na kutengenezwa upya kila baada ya saa mia chache, na kazi hiyo haikuweza kufanyika ila katika kiwanda chenye mitambo maalumu. Matairi yake huchakaa upesi kwa sababu ndege hutua kwa kasi kubwa mno. Kiti cha rubani kimetiwa baruti ya kumrusha nje wakati wa hatari, nayo baruti hiyo ina tarehe yake ya mwisho. Ikipita, kiti huwa mtego badala ya wokovu. Ndege inaweza kusimama uwanjani ikiwa mpya na kung'aa, na isiweze kuruka kwa kukosa mpira mdogo wa kuzuia mafuta yasivuje.

Yako na mambo mengine ambayo msomaji asiye fundi huenda hakuyafikiria. Ndege za Kirusi na za Kichina za miaka ile zilimwonyesha rubani kimo chake kwa mita na mwendo wake kwa kilomita. Ndege za Kimarekani na za Kiingereza zilionyesha kimo kwa futi na mwendo kwa maili za baharini. Nati za hizi zilipimwa kwa inchi, na za zile kwa milimita. Basi jeshi lililobadili muuzaji lilibadili pia spana za mafundi, lugha ya vitabu, na hata namna rubani anavyosoma saa zilizo mbele ya macho yake katika kasi isiyompa nafasi ya kupiga hesabu. Miaka mitano ya mafunzo iliweza kupotea kwa siku moja kwa sababu ya barua ya kibalozi. Hayo ndiyo yaliyoifika nchi yetu mwanzoni kabisa.

Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles mwezi Januari 1964, serikali iliamua kulivunja jeshi lile la kurithi na kujenga jeshi jipya. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa mwezi Septemba mwaka ule ule. Katika kutafuta wa kulisaidia jeshi hilo kujenga kikosi chake cha anga, serikali haikutaka kurudi kwa Mwingereza peke yake, bali ilikubaliana na Ujerumani ya Magharibi. Wakufunzi wa Kijerumani walifika Dar es Salaam, vijana wa Kitanzania wakaanza mafunzo, na ndege ndogo za kufundishia zikaletwa.

Lakini Ujerumani ya wakati huo ilikuwa imegawanyika, na serikali ya Bonn ilishika kanuni kali kwamba nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ya Mashariki isitegemee urafiki wake. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki mara baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kabla ya Muungano wa tarehe 26 Aprili. Tanzania ilitafuta njia ya katikati: ubalozi wa Ujerumani ya Mashariki uliokuwako Zanzibar uondolewe, na mahali pake uwekwe ubalozi mdogo Dar es Salaam bila ya utambuzi kamili. Bonn haikuridhika. Mwezi Februari 1965 iliondoa msaada wake wa kijeshi, na wakufunzi wa anga wakafunga mizigo yao. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kuitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali, ili Tanzania isije ikatishwa nayo siku za usoni.

Wako waliosema kwamba uamuzi ule ulikuwa wa hasira. Sisi hatuoni hivyo. Mwaka 1965 taifa hili halikuwa na ndege ya kivita hata moja, na kusini mwa mto Ruvuma Wareno walikuwa wakipigana na wapigania uhuru wa Msumbiji, ambao makao yao yalikuwa katika ardhi yetu. Nchi yenye haja kubwa kiasi hicho ingeweza kusamehewa kama ingeinama. Kutoinama kwake kulitokana na hesabu: msaada wa anga unaoweza kuondolewa kwa wiki moja haukuwa ulinzi.

Hapa hatuna budi kutaja jambo moja ambalo vijana wetu wengi hawakulisikia. Mwaka 1966 Ureno ilipokea kutoka Ujerumani hiyo hiyo ya Magharibi ndege 40 za jeti aina ya Fiat G.91, zilizobuniwa Italia kwa ajili ya kushambulia askari walioko ardhini. Muuzaji aliweka sharti kwamba zitumike kwa ulinzi tu, katika mipaka ya ushirikiano wa nchi za NATO. Wareno walikuwa na jawabu lao: wao waliziita Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau mikoa ya Ureno, kwa hiyo kwao kuzirusha huko kulikuwa ni kuilinda Ureno. Ndege hizo zilipelekwa Guinea-Bissau, na kabla ya muongo ule kwisha zilikuwa zikiruka Msumbiji ya kaskazini, jirani na Mtwara na Songea. Hivyo serikali iliyowaondoa wakufunzi wake Dar es Salaam kwa ajili ya ubalozi mdogo haikuona tabu kumwuzia mkoloni ndege za jeti. Sharti la karatasi lilikuwa na nguvu kwa mnyonge, na kwa mshirika likafumbiwa macho. Ndege zile hazikushindwa na sharti. Zilishindwa na kombora dogo la Kirusi la kubebwa begani, ambalo wapiganaji wa PAIGC walianza kuziangushia huko Guinea-Bissau mwezi Machi 1973.

Turudi Dar es Salaam. Mahali pa Wajerumani palichukuliwa na Kanada, ambayo kuanzia mwaka 1965 ilileta ujumbe wa kijeshi wa kutoa ushauri na mafunzo. Marubani na mafundi wa Kitanzania walipelekwa Kanada, nazo ndege za Kikanada zikaletwa: Otter, yenye injini moja na nafasi ya watu wapatao kumi, na Caribou, yenye injini mbili na tumbo pana la kubebea askari na mizigo. Hizi hazikuwa ndege za kupigana. Zilikuwa, hata hivyo, ndege za busara kwa nchi kama yetu, kwa kuwa Caribou iliweza kutua katika kiwanja kifupi cha udongo na kuruka tena bila lami wala mnara. Mtu anayeijua barabara ya kwenda Lindi ilivyokuwa wakati wa masika miaka ile ataelewa thamani yake bila kuelezwa zaidi.

Lakini Kanada haikutoa jeti za kivita. Yenyewe ilikuwa mwanachama wa NATO, kama Ureno, na hilo lilitosha kuweka mpaka wa msaada wake. Mkataba ulipokwisha mwanzoni mwa mwaka 1970 haukuendelezwa. China, iliyokuwa ikisaidia matawi mengine ya jeshi na iliyokuwa ikijiandaa kujenga reli ya TAZARA, ikaingia. Ilijenga kituo cha anga cha Ngerengere, mkoani Morogoro, ikawafundisha marubani wetu, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 Tanzania ikapata ndege zake za kwanza za jeti za kivita, za jamii ya MiG-17 na MiG-19 zilizotengenezwa China. Basi katika muda usiotimia miaka kumi kikosi kimoja kidogo kilikuwa kimefundishwa na Wajerumani, Wakanada na Wachina. Mafundi wetu wa kizazi kile wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Yafaa tueleze kwa nini Wachina walikuwa na ndege za Kirusi za kuuza. Katika miaka ya 1950 Urusi ya Kisovieti iliwapa Wachina michoro, mitambo na wataalamu wa kutengeneza ndege. Ugomvi wa vyama viwili vya kikomunisti ulipozidi, mwezi Julai 1960 Moscow iliamuru wataalamu wake, zaidi ya 1,000, waondoke China. Waliondoka na michoro yao. Baadaye uhusiano ulilegezwa kidogo, na Wachina wakapata vipande na baadhi ya michoro ya MiG-21, lakini haikuwa kamili. Wahandisi wa Kichina wakaifungua ndege nati kwa nati, wakapima kila kipande, wakakokotoa kile ambacho hawakuandikiwa, na mwezi Januari 1966 ndege yao waliyoiita J-7 ikaruka. Kazi ile iligharimu miaka mingi na haikuwa kamilifu. Lakini tangu hapo China haikuwa tena na mtu wa kuizuilia vipuri vya ndege ile, na ikaweza yenyewe kuwa muuzaji.

Jirani zetu wa Uganda walipita njia nyingine. Jeshi lao la anga lilijengwa kwa msaada wa Waisraeli, ambao tangu miaka ya mwanzo ya uhuru waliwafundisha marubani wa Uganda na kuwapatia ndege za mafunzo aina ya Fouga Magister. Kampuni ya Kiisraeli ilijenga hata jengo la uwanja wa Entebbe. Mwezi Machi 1972 Idi Amin aliwafukuza Waisraeli wote, akageukia Libya na Urusi ya Kisovieti, na katikati ya muongo ule Entebbe ikapata ndege za MiG-21. Yaliyofuata ni mashuhuri. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walitua Entebbe kuwakomboa mateka, wakiwa na maelezo ya jengo ambalo watu wao wenyewe walilijenga, na kabla ya kuondoka waliziteketeza chini ndege kadhaa za MiG za Uganda. Aliyekufundisha kujenga nyumba anajua mlango wa nyuma ulipo.

Moscow ilizifidia baadhi ya ndege zilizopotea. Lakini urafiki ule nao ulikuwa na nyufa: mwezi Novemba 1975 uhusiano wa kibalozi ulikatika kwa siku chache kwa ajili ya suala la Angola, na Amin alipoivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, Warusi walisimamisha upelekaji wa silaha. Ndege za Amin zilishambulia Kagera na Bukoba. Zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, hata likavunjwa kwa baruti iliyotegwa kwa mikono. Kadiri vita vilivyoendelea ndege hizo zilionekana mara chache zaidi na zaidi, nyingine zimeangushwa na makombora ya jeshi letu, nyingine zimekosa wa kuzitengeneza au wa kuzirusha. Amin akabaki kuitegemea Libya. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, ndege kubwa ya kuangusha mabomu ambayo Warusi waliitengeneza kwa ajili ya vita vya mataifa makubwa, ilikuja kuipiga Mwanza. Mabomu yake yaliukosa mji yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Siku tisa baadaye, tarehe 7 Aprili, majeshi yetu yaliingia Entebbe na kuzikuta ndege kadhaa za MiG zimesimama uwanjani.

Uganda ilirudi sokoni baadaye sana. Mwaka 2011 na 2012 ilipokea kutoka Urusi ndege 6 aina ya Su-30, ambazo ni miongoni mwa ndege zenye nguvu sana katika Afrika nzima. Bei ya ndege hizo na silaha zake ilikuwa takriban dola za Kimarekani milioni 740. Fedha hizo zilichotwa kutoka benki kuu kwanza, na Bunge likaombwa idhini baadaye. Hatusemi kwamba Uganda haikuwa na haja ya ndege. Tunachosema ni kwamba mwalimu wa uraia anayetafuta mfano wa maana ya idhini ya Bunge hatapata ulio bora kuliko huu.

Hakuna mahali ambapo jambo tunalolieleza lilionekana wazi kama katika vita vya Ogaden. Katika miaka ya 1970 Ethiopia ilikuwa na ndege za Kimarekani na Somalia ilikuwa na za Kirusi. Marubani wa Ethiopia walikuwa wamefundishwa Marekani, na walirusha F-5, ndege nyepesi yenye injini mbili; Wasomali walikuwa na MiG-17 na MiG-21. Baada ya mfalme Haile Selassie kuangushwa mwaka 1974, wanajeshi waliotawala Addis Ababa walielekea Moscow, na mwezi Aprili 1977 wakavifunga vituo vya Wamarekani. Mwezi Julai Somalia ikaingia Ogaden. Warusi wakajikuta ni wauzaji wa pande zote mbili, wakachagua. Tarehe 13 Novemba 1977 Somalia iliwafukuza washauri wa Kirusi, na kabla ya mwezi kwisha ndege za mizigo za Kirusi zilikuwa zikimimina silaha Ethiopia. Askari wa Kuba nao wakaja.

Msomaji atafakari hali ya fundi wa Kisomali aliyekuwa kazini siku hiyo. Jana aliishika MiG-21 pamoja na mwalimu wake wa Kirusi. Leo mwalimu amekwenda kumsaidia adui, na vipuri vimekwenda naye. Upande wa pili, rubani wa Ethiopia alikuwa akirusha ndege ya Marekani ambayo Marekani haikutaka tena kuihudumia. Hata hivyo F-5 chache za Ethiopia zilitawala anga la Ogaden na kuziangusha MiG za Somalia. Wachambuzi wengi hulieleza jambo hili kwa ubora wa ndege au wa makombora yake. Kwa maoni yetu sababu iliyo nzito zaidi ni kwamba Ethiopia ilikuwa na jeshi la anga la miaka mingi, lenye shule yake na mafundi wake wenyewe, kwa hiyo liliweza kuendelea kwa miezi ile michache baada ya muuzaji kugeuka. Mwezi Machi 1978 majeshi ya Somalia yaliondoka Ogaden.

Somalia ilipata baadaye ndege za Kichina na nyingine kuukuu za Kiingereza. Na mwaka 1988 serikali ya Mogadishu ilipopambana na maasi ya kaskazini, ndege zake zilikuwa zikiruka kutoka uwanja wa Hargeisa na kuupiga mji wa Hargeisa wenyewe, kisha zikirudi kutua pale pale. Maelfu ya raia walikufa, na mji ukawa magofu. Leo katikati ya Hargeisa ipo MiG-17 moja iliyowekwa juu ya jiwe kuwa ukumbusho wa watu hao. Miaka sita kabla yake, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga la Kenya waliojaribu kuipindua serikali waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki waruke na ndege za F-5 kutoka Nanyuki kwenda kuipiga Nairobi. Marubani waliruka, wakayaangusha mabomu katika msitu wa mlima Kenya. Mikataba ya ununuzi hueleza uzito wa ndege, mwendo wake na bei yake. Haielezi bomu litaangukia wapi.

Tumesema mengi dhidi ya muuzaji anayezuia vipuri. Haki inatudai tuuseme na upande mwingine. Tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku uuzaji wa silaha kwa Afrika Kusini ya makaburu, na nchi zilizokuwa mstari wa mbele, yetu ikiwamo, ziliupigania sana uamuzi huo. Makaburu walikuwa na Mirage za Kifaransa na viwanda vilivyoendelea. Wakajitahidi kuzifanya Mirage zao za zamani ziwe mpya, wakaziita Cheetah. Lakini mwaka 1987 na 1988, vita vilipopamba moto huko Cuito Cuanavale kusini mwa Angola, marubani wao walikabiliana na MiG-23 za Waangola na Wakuba, na kila Mirage iliyopotea haikuwa na badala yake. Iliwabidi wazitumie kwa uchache na kwa hofu. Kamba ile ile iliyokuwa imetukaba sisi mwaka 1965 iliwakaba na wao, nasi hatukusikitika. Asemaye kwamba kizuizi cha silaha ni kibaya wakati wote, au ni chema wakati wote, hajaitazama historia ya bara hili.

Je, haikuwako njia ya kujitengenezea? Misri ya Gamal Abdel Nasser na India ya Jawaharlal Nehru zilijaribu. Zote mbili ziliwaajiri wabunifu wa Kijerumani waliokosa kazi baada ya vita. Willy Messerschmitt alianzisha ubunifu wa ndege ya Kimisri HA-300, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1964. Kurt Tank alibuni huko Bangalore ndege ya Kihindi iitwayo Marut, iliyoruka mwezi Juni 1961. Umbo la Marut lilisifiwa na wengi. Tatizo lake lilikuwa injini. Injini ya Kiingereza iliyopatikana ilikuwa dhaifu mno, na ndege iliyotarajiwa kuipita kasi ya sauti haikuipita. Hapo ndipo nchi hizi mbili zisizofungamana na upande wowote zilipofanya jambo la kupendeza: Misri ilikuwa ikijenga injini yake yenyewe, India ikachangia, na injini hiyo ikajaribiwa katika ndege ya Marut. Laiti ingefanikiwa. Vita vya mwaka 1967 viliifilisi Misri, na mwaka 1969 mpango ukasimamishwa. India iliunda Marut 147, zikapigana vizuri katika vita vya mwaka 1971, lakini zilibaki na injini ile ile dhaifu mpaka zilipostaafishwa.

Tunaomba mwanafunzi alizingatie hilo la injini. Mabawa na kiwiliwili cha ndege huweza kuigwa na fundi hodari. Moyo wa injini ya jeti ni jambo lingine: mapanga yake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika katika joto ambalo lingeyeyusha madini ya kawaida, na siri ya kuyachanganya na kuyapoesha madini hayo ni viwanda vichache mno duniani vinavyoijua. Hiyo ndiyo sababu mataifa yaliyoweza kuunda ndege nzima ni mengi kuliko yaliyoweza kuunda injini yake.

India haikukaa ikingoja Marut. Marekani ilikuwa imeipatia Pakistan ndege za F-104 mwaka 1961 na haikutaka kuipa India, kwa hiyo mwaka 1962 Delhi ilikubaliana na Moscow kununua MiG-21, pamoja na haki ya kuzitengeneza nchini. Pakistan kwa upande wake ilionja uchungu tunaoujua: vita vya mwaka 1965 vilipozuka Marekani ilizuia silaha kwa pande zote mbili, na Pakistan, ambayo karibu ndege zake zote za kivita zilikuwa za Kimarekani, ndiyo iliyoumia zaidi. Ikakimbilia China na Ufaransa. Mwaka 1990 ikaumwa na nyoka yule yule katika shimo lile lile, F-16 zake 28 zilipozuiliwa Marekani kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia.

Mafundi wa India waliozishughulikia MiG-21 walifanya kazi ambayo wabunifu wake hawakuiwazia. Mwishoni mwa karne iliyopita ndege 125 kati ya hizo zilianza kufanywa upya, zikatiwa rada mpya ya Kirusi pamoja na vyombo vya Kifaransa na vya Kiisraeli, vyote katika kiwiliwili kimoja cha miaka ya 1950. Kwa njia hiyo hakuna muuzaji mmoja aliyeweza kuifunga ndege nzima. Gharama yake ilikuwa kubwa kwa njia nyingine: kwa miaka mingi MiG-21 ziliua marubani vijana wengi katika ajali, hata magazeti ya India yakaziita majeneza yarukayo. Jeshi liliendelea kuzirusha kwa sababu ndege ya kuzirithi haikuwa tayari.

MiG-21 za mwisho za India ziliagwa huko Chandigarh tarehe 26 Septemba 2025, miaka 62 baada ya zile za kwanza kuingia jeshini. Mrithi wake ni Tejas, ndege iliyobuniwa na Wahindi wenyewe na kuruka kwa mara ya kwanza mwezi Januari 2001. India ilijaribu pia kuiundia injini yake, nayo haikufaulu kufikia nguvu iliyotakiwa. Tejas hutumia injini ya Kimarekani. Na mwaka 2024 na 2025 ndege mpya zilizoagizwa na jeshi zilichelewa kukabidhiwa, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba injini zenyewe zilichelewa kufika.